Sauti ya Baba Yako Kwenye Trela

Lea,

Tangu juzi pale mashine ya kusaga wanasema kuna mzimu kwenye simu za wanafunzi, unagonga na kuita, "Fungueni mlango." Nilicheka, ila neno hilo halikunitoka. Leo asubuhi Mama Nickson kanionyesha. Kumbe ni trela ya filamu yenu ya kutisha ya shule! Sauti mmeipunguza kasi mpaka imekuwa ya jitu, lakini kile kikohozi nilikijua. Ni baba yako, ule ujumbe wa sauti alionitumia siku ile ya mvua akiwa nje mlangoni, mwezi mmoja kabla hatujamzika. Uliuchukua kwenye simu yangu bila kuniomba.

Napanda Bombo kwa bibi yako sasa hivi, asije akaisikia sauti ya mwanawe kwa watu. Makande yapo jikoni, yapashe.

~~Hiyo filamu ifute yote.~~ Filamu malizeni, ila mzimu mtafutieni sauti nyingine. Mimi humsikiliza baba yako kila Jumapili. Sitaki nianze kumwogopa.

Usimtumie mtu trela hiyo tena.
Usimpigie bibi kabla sijafika.
Usiniambie ulikuwa utani.
Usiifungue trela hiyo mdogo wako Faustina akiwepo. Akiisikia, ataenda kufungua mlango.

Mama yako