Kipimo Chenye Adabu Mno

Jumatatu, 7 Aprili
Nimepanda mlima kukagua kipimo, kama kila Jumatatu. Kiko juu mtoni. Kila robo saa kinatuma kina cha maji kwa redio hadi kwenye kioo kidogo ukutani kwa Bi Zuhura, chini karibu na kivuko cha mawe. Yeye na wenzake hukitazama kabla ya kuvuka na matenga ya karoti. Taarifa kumi na nne za jana hazikufika. Zote saa za mvua. Kwa kifupi, mashine yangu ni hodari siku ambazo hakuna anayeihitaji.

Jumatano, 9 Aprili
Aibu. Kioo kilisema sentimita thelathini. Bi Zuhura akaingia, maji yakamfika kifuani. Amenusurika kwa kushika mzizi. Tenga limekwenda, karoti zinaelekea Kingolwira, huko bondeni, bila nauli. Ile thelathini ilikuwa ya saa nzima nyuma, kabla ya mvua. Mwenyekiti wa kitongoji amesema kikidanganya tena, kinashushwa. Ana haki. Sijala.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimekwenda kumpa pole Bi Zuhura. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Akauliza kipimo kisipojibiwa kinafanyaje. Nikasema kinaita mara tatu, kisha kinanyamaza.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, umekifunza adabu! Hodi tatu, usipoitikiwa unaondoka. Na mto nao unaondoka?"

Nimerudi mjini. Ile tatu sikuisoma popote. Niliitoa mlangoni kwa mama yangu. Miaka yote najiona mtaalamu, kumbe naingiza malezi kwenye programu.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimefunga duka langu la simu, nimeandika programu upya. Kipimo hakiondoki tena. Kinabisha, kinangoja, kinabisha, kinangoja zaidi, kisije kikaziba njia kwa kelele zake chenyewe. Kila taarifa ina namba na saa, ili ya zamani ikichelewa isijifanye mpya. Na kipimo hakitulii mpaka kioo kitaje namba ileile. "Sawa" tupu siipokei. Mimi mwenyewe huwaambia wateja sawa, sijasikia hata neno.

La mwisho limenisumbua kuliko yote. Kioo kikikaa nusu saa bila habari, kinafuta tarakimu na kuandika SIJUI. Fundi gani anatengeneza kifaa kikakiri ujinga? Nimelifuta neno mara mbili. Nimelirudisha.

Jumamosi, 12 Aprili
Programu mpya niliipakia jana jioni, kwenye kipimo na kwenye kioo. Mvua tangu alfajiri. Wanawake watano na matenga yao, mwenyekiti, na mimi, tumesimama barazani kwa Bi Zuhura. Kioo: SIJUI. Huku chini mto unaonekana mpole.

"Sasa hiki kinatusaidia nini?" mwenyekiti akaniuliza.

Bi Zuhura akashusha tenga. "Kimesema hakijui. Wewe mwenzangu unajua?"

Akaketi. Mmoja mmoja, wengine wakaketi. Karibu saa nzima. Kisha kioo kikaandika mia na themanini. Muda si mrefu tukausikia mto kabla ya kuuona. Mawe ya kivuko yakapotea yote.

Mwenyekiti akavua viatu vyake vilivyolowa, akavuta kigoda, akakaa nasi.