Levye ya Vitesi Chini ya Siti

Uvira, mwezi wa nane 1964

Geneviève, mtoto wa dada yangu,

Salamu zikufikie huko Bujumbura. Minye niko, magoti tu yamechoka. Mbuzi yetu ilizaa mapacha.

Unakumbuka kinga ya kaka yako Basile, ile baiskeli yenye gido, usukani uliopinda kama pembe za kondoo? Mafundi wote wa Uvira walishindwa kuiwekea levye ya vitesi, kile chuma cha kubadilishia gia, kwa sababu gido ni nene. Minye mwenye niliishia darasa la tatu nikaifunga chini ya siti kwa asubuhi moja!

“Mjomba, mbona mbali hivi?” Basile akauliza.

“Weye panda. Usifundishe mzee.”

Siku ya Jumanne Basile alifika kwenye bariyeri ya waasi, pale Makobola, penye kilima. Akashusha mkono chini ya siti abadilishe vitesi, wao wakadhani anachomoa bunduki. Hawakumpiga risasi, Mungu asifiwe, lakini wamemfunga. Kinga waliirudisha. Mama yako nimemwambia mwanawe anaugua malaria kwa rafiki.

Jana nilimweleza mkubwa wao kwamba kosa ni langu. Akacheka: “Fundi gani anaficha chuma chini ya matako?”

Sasa levye nimeihamisha katikati ya gido, nimeikaza kwa waya, mahali mikono inaonekana. Kesho mkubwa huyo anataka nipande kinga mbele yake, aamini ni ya vitesi tu, ndipo amfungue Basile. Geneviève, omba sana. Maisha yangu yote sijapanda kinga, na Basile hajui.

Mjomba wako aliyechoka,
Ezechiel