Duka Linalomwita Mteja Akiondoka

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ningeanza bila shikamoo ungenirudisha mlangoni niingie upya, kwa hiyo naanza nayo.

Nakuandikia kwenye meza ya Keko. Unaikumbuka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefaulu kwenda kidato cha kwanza, ukasema mtoto wa sekondari haandikii magotini, tukatoka Mtoni sisi wawili kwenda kutafuta meza. Keko barabara nzima ilikuwa inanuka vanishi. Mafundi wanatuita kutoka kila upande, mama karibu kitanda, mama karibu kabati, na mie nimejificha nyuma ya mkoba wako kama kawaida yangu. Wewe ukapita kama huoni kitu, kumbe meza ulishaiona tangu tunashuka kwenye gari.

Fundi akataja bei. Ukataja yako. Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie.

"Mama yangu, hiyo hela hata mbao hainunui."

Ukamwambia mbao yenyewe ina ufa, droo inagoma kufunga, na vanishi ameipaka asubuhi ile ili vyote viwili visionekane. Mkaendelea hivyo, mnagombana huku mnacheka, mpaka ghafla ukanishika mkono. Twende zetu, ukasema.

Mama, mie nililia, na hukuniuliza kwa nini. Niliamini kweli tunaiacha. Tukavipita vitanda, tukayapita makochi ambayo hayajavalishwa vitambaa, nikataka kugeuka niione mara ya mwisho, ukanibana vidole.

"Usigeuke."

Ndipo tukasikia nyuma yetu, "Mama, njoo basi tuongee." Hukugeuka. Akaita tena, "Mama, njoo bwana, usiondoke hivyo." Hapo ukageuka, polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu. Meza ilifika nyumbani juu ya guta, ile baiskeli ya mizigo, na wewe umepanda nayo, umeishika mguu kana kwamba itatoroka.

Baba hakuambiwa bei. Ulikuwa unasema Baba hanunui vitu, vitu ndivyo vinavyomnunua yeye, maana akitajiwa bei analipa na asante anasema.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Sir, mwalimu wetu wa kompyuta, alitupa mradi wa kutengeneza duka la mtandaoni. Si lile la picha na vitufe vya kubonyeza. Ni skrini nyeusi na maandishi tu. Mteja anaandika amri ya kutafuta, anaona bidhaa. Anaandika amri ya kuweka, kitu kinaingia kwenye kikapu. Kuna amri ya kulipa, na amri ya kuondoka, ambayo inaifunga programu. Yote kwa Kiingereza, kama tunavyosoma.

Nikafungua duka la fanicha. Likafanya kazi vizuri tu, lakini kila nikilijaribu naona ni duka ambalo wewe usingekanyaga. Bei imesimama pale, haisemeshwi. Nikaongeza sehemu ya kupatana. Mteja anataja bei yake, duka linalalamika kidogo, linashuka kidogo. Hiyo nimeiandika kwa Kiswahili. Kiingereza nakiweza, lakini sijawahi kumsikia mtu akipatana bei ya kabati kwa Kiingereza, ningejifunzia wapi?

Na mteja akiondoka, duka halifungwi hapo hapo. Linakaa kimya kidogo, halafu linaandika: Mama, njoo basi tuongee. Akiondoka tena, linamwita tena na bei linaishusha. Akiondoka mara ya tatu linamwacha aende zake, linamkaribisha siku nyingine. Simfungii mtu ndani.

Sir alipolijaribu mbele ya darasa, akaandika amri ya kuondoka, akavuta kiti asimame. Skrini ikamwita mama. Darasa zima likacheka, na mmoja nyuma akasema, "Mama Sir, rudi bwana, unaitwa." Sir akasema hilo ni kosa kwenye programu. Nikamwambia, kwa sauti ndogo unayoijua, ile uliyokuwa unaniambia niipandishe, kwamba si kosa, nimeipanga. Akasema kwa Kiingereza kuwa mteja akitoka ametoka, kisha akarudia kwa Kiswahili, nadhani ili iniingie.

"Akitoka ametoka. Hakuna cha kumwita. Itoe kabla ya siku ya wazazi, la sivyo huonyeshi."

Akitoka ametoka. Mama, maneno hayo nimeyasikia sana tangu msiba. Shangazi ameyasema kwa upole, majirani wameyasema wakiosha masufuria, kila mtu ananishauri nikubali, nizoee, nisiwe nakutaja mezani. Nimekuwa nikiitikia kwa kichwa, unanijua. Siku ile kichwa kilikataa.

"Siitoi, Sir."

Ni maneno mawili tu, lakini niliyasema nikimtazama. Akasema basi alama zitapungua. Nikamwambia sawa, zipungue.

Siku ya wazazi nikaja nalo hivyo hivyo. Hakunipa nafasi mbele na wenzangu, nikaweka kompyuta kwenye dawati la mwisho karibu na mlango. Baba akaja na shati lake la ofisini. Akachagua kabati, akatajiwa bei, na kabla sijasema kitu akataka kulipa. Mama, nilikuona kabisa unavyoshika kiuno.

"Baba, usilipe. Ondoka kwanza."

Akanitazama kama nimemfukuza, lakini akaandika. Skrini ikakaa kimya. Halafu ikaita. Baba akasoma, akasoma tena, akauliza kwa nini inamwita mama. Nikamwambia kule Keko ndivyo alivyokuita yule fundi, na asigeuke bado, aondoke tena asubiri kuitwa mara ya pili. Akaandika tena amri ya kuondoka, akasubiri, mikono ameiweka mapajani. Ilipoita mara ya pili, akavua miwani akaifuta kwa shati.

Sir alikuwa amesimama nyuma yetu. Akaanza kueleza kuwa sehemu hiyo haikuwamo kwenye maelekezo. Baba, ambaye habishani hata na konda, akasema bila kugeuka, "Mwalimu, mwache aite."

Alama zilipungua kweli. Imeandikwa kuwa sifuati maelekezo. Karatasi nimeibandika hapa mezani, juu ya droo inayogoma kufunga.

Siku tuliyokuzika nilikuita kimoyomoyo. Mara ya kwanza hukugeuka, wala sikushangaa, ndivyo ulivyo. Nikakuita ya pili. Watu wakaanza kuondoka makaburini, Shangazi ananivuta mkono, mie bado nimesimama nasubiri. Najua sasa hugeuki. Mie si mtoto wa kudanganywa. Lakini anayetaka nione aibu kwa kukuita, huyo simsikilizi, awe Sir, awe Shangazi, awe nani.

Akitoka ametoka, wanasema. Duka langu halikubali hivyo. Sie tunaita kwanza.

Mwanao wa nyuma ya mkoba