Kompyuta ya Baba Isipigwe Window

Tlawi, Mbulu

Mdogo wangu Festo,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema kwa sababu ukifika katikati ya barua hii utasahau adabu. Mama hajambo? Mguu wake umepungua kuvimba? Wifi yangu na watoto je? Mpunga mmevuna, au mwaka huu tena mmelisha ndege? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ndiyo inanitesa. Asubuhi ukungu unaingia mpaka darasani, na mtu wa Ifakara kama mimi nafundisha nimevaa masweta mawili.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu husikii. Unaitikia "sawa dada, sawa dada" huku unapimia wateja mchele. Anayekuletea barua hii ni muuguzi wa zahanati yetu, anakwenda likizo kwao Mahenge. Mpe chai, na usimuulize maswali ya kipuuzi.

Uliniambia kompyuta ya baba inazima yenyewe kila ikiwaka kidogo, na kwamba kuna fundi hapo stendi amesema dawa ni kupiga window tu. Mafundi hawa dawa yao ni moja. Kompyuta ikichelewa kuwaka, piga window. Ikikosa sauti, piga window. Nadhani hata jino likimuuma atapiga window. Sasa nikuambie, maana najua hukuuliza: kupiga window kwa mikono ya watu wa haraka kama hao ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Na humo ndani mna sauti ya baba akifundisha kwaya, yale mazoezi aliyojirekodi mwenyewe kabla ugonjwa haujamlaza kitandani na kumchukua. Hakuna nakala nyingine popote. Macho ya mama hayaoni tena hata picha, Festo. Kilichobaki kwake ni kukaa Jumapili baada ya ibada na kumsikiliza mumewe akigombeza sauti ya tatu. Hilo ndilo unalotaka kumpelekea mtu wa stendi.

Ngoja nikusimulie ujinga wa huku, labda utajiona. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Gwandu, mwenyeji wa hapa hapa, ana laptop yake nyumbani. Mwezi wa saba baridi ilipokaza, laptop ikaanza kuzima yenyewe kama yenu. Huku kwao mtu akitetemeka anafunikwa na kusogezwa motoni, kwa hiyo naye akaamua laptop imeshikwa na baridi. Akaifunga shuka zito, lile wanalovaa wakichunga, akaacha kioo tu kinachungulia, akaiweka kando ya jiko la mkaa. Ikazima haraka zaidi. Akaongeza blanketi.

Nilimwambia kwa heshima zote, shikamoo mbele na shikamoo nyuma, kwamba mashine inazima kwa sababu ya joto, kwamba vumbi limeziba matundu ya hewa na feni haipumui. Akanijibu mbele ya walimu wote kwamba mimi nimetoka nchi ya joto, mambo ya baridi siyajui. Walimu wakacheka. Wasomi wazima, wana vyeti ukutani, wanacheka.

Siku ya mnada akaipeleka kwa jamaa mmoja anayeketi kati ya wauza mitumba na wauza dawa za mifugo. Watu wanamwita Daktari. Daktari akamuuliza kama ameshahifadhi vitu vyake, na Mwalimu Gwandu akatoa flashi mfukoni kwa maringo. Kumbe alichokiweka kwenye flashi ni ile picha ndogo ya folda iliyokuwa kwenye kioo, ile yenye kimshale pembeni. Kile kimshale, Festo, maana yake hiyo si folda yenyewe, ni kibao cha kuonyesha folda iliko. Ni sawa na mtu anayehama nyumba akabeba kibao cha mtaa na kuacha vitanda. Daktari naye hakufungua kuangalia. Akapiga window, akakunja kiti, akaondoka na mnada wake.

Zilizokuwemo ni picha za marehemu mke wa Mwalimu, zote, tangu harusi yao kule Gehandu. Tulijaribu programu ya kutafuta vilivyofutwa, ikaturudishia nusu ya paji la uso na kona ya shela. Alikuwa ameishika ile flashi kiganjani kama kidonge. Akaniuliza, "Mwalimu, hamna namna?" Mimi ninayejua kudharau watu nikampikia chai. Nilimwonea huruma sana. Halafu hasira yote ikahamia kwako, maana wewe bado una nafasi na unaichezea.

Na laptop inazima vile vile. Daktari alifuta picha, vumbi akaliacha.

Sasa sikiliza, na umsomee wifi kwa sauti ili mmoja wenu akumbuke. Toeni kile kitambaa alichofuma wifi kuifunika. Kompyuta si kochi. Izime kabisa, chomoa waya, toa betri. Tafuta brashi ya rangi, mpya na laini, si ile iliyopaka mlango, usugue taratibu yale matundu ya pembeni na ya chini. Feni izuie kwa kijiti cha meno isizunguke ovyo. Usipulize kwa mdomo, nakujua, utajaza mate. Ukimaliza iweke mezani, si kwenye godoro, na uinyanyue nyuma kwa vipande viwili vya mbao ipate hewa.

Iwashe alfajiri, kabla jua la Ifakara halijaamka. Asiguse mtoto, isifunguliwe sinema. Usihamishe chenye kimshale. Fungua mpaka uzione nyimbo zenyewe, zihamishie kwenye flashi chache chache, na mashine ikipata joto ipumzishe. Ibofye folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, uone ukubwa. Folda nzima ya nyimbo ikiwa na uzito wa ujumbe wa simu, ujue umebeba kibao. Flashi usiichomoe kwa kuinyakua, bofya kwanza Eject, usubiri mpaka kompyuta ikuruhusu. Na usiipeleke steshenari yoyote, kule virusi wanapanga foleni kuliko wateja. Ikitokea ukaiona tupu baada ya kupita huko, usilie na usimwite fundi. Mara nyingi vitu vimefichwa tu. Nenda palipoandikwa View, weka tiki kwenye Hidden items, vitatokea.

La mwisho ndilo watu wote wenye haraka hawafanyi: nenda na flashi kwa katekista, ichomeke kwenye kompyuta yake, usikilize. Usipomsikia baba mwenyewe akikohoa kabla ya kuanza, hujahifadhi kitu. Ukimsikia, hapo hata fundi wako aipige nyundo ile kompyuta, sitajali.

Nisalimie wifi, anajua kufuma kuliko kuuliza. Nisalimie baba mdogo mwenye mashine ya kukoboa, mjomba mzee wa kanisa, na shangazi anayemwogesha mama. Yeye peke yake mwambie namshukuru. Mama mpe shikamoo yangu na umshike mkono unapoitoa.

Na kama barua hii imekukuta umeshaipeleka stendi na kazi imeshafanyika, usinipigie simu, wala usimtume wifi anibembeleze. Subiri Jumapili. Mama akishakaa kwenye kiti chake na kutulia, na kukuambia umfungulie baba, umwambie wewe mwenyewe.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Eliza