Kishikio cha Mlango wa Mama Mkwe

Alhamisi jioni, Kitale.

Baridi ya leo ni ile ya jaketi juu ya jaketi. Mvua imenyesha tangu saa nane, mahindi ya jirani yameanza kutoa ndevu, na mimi nimekaa jikoni na chai ya maziwa, vidole bado vinanuka grisi. Nimechoka, lakini ni uchovu mtamu.

Mimi ni mtu wa dunia, hilo linajulikana. Nimeendesha lori mpaka Juba, nimekula matoke Kampala na biriani Mombasa. Shule niliiacha darasa la saba, ila barabara imenipa digrii ambayo wengi hawana. Hakuna gari imewahi kunishinda.

Mwezi uliopita nilishindwa na mlango.

Gari yangu ni Toyota kuukuu, nyeupe, ya milango minne, ingawa mmoja ni mlango wa jina tu. Ule wa nyuma kulia ulipigwa kichwa na ng'ombe dume kule Endebess, fundi akauchomelea ukawa ukuta. Ukabaki wa nyuma kushoto, nao kishikio chake cha nje kilivunjika zamani. Unafunguka kutoka ndani tu.

Haikuwa shida, kwa sababu Nekesa alikuwa hapa. Mke wangu alikuwa anaingia mbele, anapiga magoti kwenye kiti, anageuka na kunyoosha mkono nyuma mpaka anamfungulia mama yake. Kila mara alikuwa anacheka, anasema, "Wewe na hii gari yako ya maombi." Halafu tunaondoka, mama nyuma, yeye mbele, njugu zinapita katikati ya viti, na maneno yote yanapitia kwake.

Lazima yapitie kwake. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Hamshikani mkono, hamtazamani usoni, mkikutana njiani unampisha. Hata salamu ya asubuhi nilikuwa naituma kwa Nekesa, na jibu linarudi kwa Nekesa.

Sasa Nekesa yuko Qatar, analea watoto wa watu. Mwaka wa pili huu. Alipoondoka aliniachia kazi moja: nimpeleke mama hospitali ya misheni kule Lugulu, atolewe mtoto wa jicho. Macho yote mawili yanaingia ukungu. Ameanza kumwaga chai nje ya kikombe.

Basi mwezi uliopita nikafika kwake Naitiri. Mama akatoka na leso mpya, akasimama mbali na kikapu chake, akingoja. Na mimi, na hili tumbo, siwezi kugeuka pale mbele kama Nekesa. Nikapenya katikati ya viti mpaka nyuma, nikafungua mlango, nikakwama. Kutoka nikatoka kinyumenyume, makalio kwanza, suruali imeteremka kiasi cha kutosha.

Mbele ya mama mkwe.

Mama alijifunika uso na leso, akarudi ndani. Baada ya muda jirani yake akaja na ujumbe, anajikaza asicheke. Mama amesema heri abaki na macho yake vile yalivyo. Hapandi hiyo gari mpaka mlango ufunguke kutoka nje, aingie mwenyewe kama mtu.

Nekesa nilipomsimulia alicheka mpaka simu ikamwanguka. Halafu akasema, "Mama akipofuka nikiwa huku, atanionaje nikirudi?"

Hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani.

Kitale yote hakuna kishikio cha gari ya umri ule. Jumanne nikateremka Bungoma, kwa Wanyonyi anayeuza vipuri vya magari yaliyokufa. Akaiangalia gari yangu kama daktari anayeangalia maiti.

"Hii bado inatembea ama huwa unaisukuma?"

"Inatembea kukuliko."

"Basi chukua hii nyekundu. Nyeupe ziliisha wakati wa babu yako."

"Nyekundu kwa gari nyeupe, Wanyonyi?"

"Si umesema mama haoni vizuri? Nyekundu ataiona, bana."

Nilitaka kukasirika, nikakuta amesema kweli.

Jana nikaifanya kazi mwenyewe hapa nje. Bisibisi, spana namba kumi, nikabandua ubao wa ndani wa mlango. Na humo chini, katikati ya vumbi na maganda ya njugu, nikakuta hereni. Ile hereni ya Nekesa ambayo aliitafuta wiki nzima, akisema nimemgawia mwanamke wa Moi's Bridge. Kumbe ilimponyoka siku moja akinyoosha mkono kufungua, ikaingia pale kioo kinapozama.

Nilikaa nayo kwenye kizingiti cha gari muda mrefu. Nikakumbuka zile Jumapili za kutoka Naitiri, jua linashuka upande wa Mlima Elgon, mama amesinzia nyuma, Nekesa amevua viatu ameweka miguu juu ya dashibodi na ananikataza kupita lori la miwa. Nilikuwa napita tu, ndio anipige bega.

Kwa hizo kumbukumbu nikafunga ubao bila kuunga kile kijiti cha chuma kinachovuta komeo. Nikainua kishikio, kimya. Nikafungua yote tena. Jirani akiuliza, mara ya kwanza ilikuwa majaribio.

Leo asubuhi nimefika Naitiri, nikashuka, nikaenda kusimama kando ya ua nikitazama ng'ombe, kama adabu inavyotaka. Nilikuwa naomba kimoyomoyo. Nikasikia komeo likiachia. Nikasikia mlango ukifungwa. Nilipogeuka, mama ameketi nyuma, kikapu mapajani, shingo imenyooka.

Tukaondoka. Tulipopita Tongaren, mama akaongea, ila si na mimi. Aliongea na kiti cha mbele, kitupu.

"Nekesa, mwambie mwenye gari mlango ni mzuri."

Nikakohoa. "Nekesa, mwambie mama asante."

"Nekesa, mwambie apunguze mwendo, nimebeba mayai ya daktari."

Tukaendelea hivyo mpaka Lugulu. Mama akamweleza Nekesa habari za kisima, za ng'ombe aliyezaa, na vile yeye Nekesa akiwa mdogo alikuwa anakataa kulala mpaka ashike sikio la mtu. Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote hii nilidhani ni sikio langu tu.

Wamemtibu jicho la kwanza, na daktari anasema limeenda vizuri. Amelala huko wodini, kesho wanatoa bandeji.

Sasa hivi Nekesa amepiga. Swali la kwanza lilikuwa nani amemfungulia mama mlango.

"Amefungua mwenyewe," nikasema, kwa maringo.

Akasema, "Kwa hivyo siku hizi mnaweza bila mimi."

Mimi, ambaye nimejibu polisi wa nchi tatu bila kukwama, nikakwama. Nikamweleza tu ilivyokuwa, vile tumemsumbua njia nzima, neno kwa neno, mayai na sikio.

"Na mimi nilikuwa najibu nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imelowa.

Nikamwambia kesho, nikimrudisha mama Naitiri, nitampigia na kuiweka simu pale kwenye kiti, ajibu mwenyewe.

Bando nimeshanunua.