Mlinzi wa Uani

Kasulu, 2 Julai 2024

Mwanangu Asmahani,

Hujambo? Wanafunzi hawakusumbui? Mimi mguu unapona taratibu hapa kwa binti yangu Evaline, ila moyo uko Kibondo. Simu siisikii, masikio yangu unayajua, ndiyo maana naandika. Mpangaji wangu, nakuomba jambo moja tu: mlinzi wa uani usimwache na kiu. Tangu mume wangu Nathaniel afariki, huyo ndiye mwenzangu.

Mama yako,
Josepha

Kibondo, 11 Julai

Shikamoo mama,

Mimi mzima, vumbi tu la kiangazi. Kwetu Tanga hatuna vumbi jekundu hivi. Pole na mguu. Kuhusu mlinzi, ondoa wasiwasi! Mzee Fidele, anayelinda duka hapo nyuma, nampelekea chai kila jioni, na Ijumaa namwongezea maandazi. Anashangaa, lakini anakunywa. Uani nako nimefanya usafi. Ule mti wa miiba ulishakauka, hauna hata jani, nikaukata mpaka chini. Matawi nimeyachimbia chini yawe nguzo za uzio wa kuku. Utapenda ukirudi.

Mwanao,
Asmahani

Kasulu, 19 Julai

Asmahani,

Mlinzi ni mti huo. Sisi Waha tunauita umurinzi. Wazee waliombea chini ya miti ya aina hiyo, na hakuna aliyethubutu kuifanya kuni. Huyu wangu nilimpanda siku tuliyoanua matanga ya Nathaniel. Kiangazi humwaga majani yote, ndipo atoe maua mekundu. Mwaka huu yangekuwa ya kwanza, nami nilijikaza nipone niyawahi. Nimelia, sikufichi. Sasa sina cha kurudia huko. Nabaki kwa Evaline.

Mwenye nyumba

Kibondo, 18 Novemba

Shikamoo mama,

Mguu unaendeleaje? Barua zangu za kuomba radhi hukuzijibu, na ni haki yako. Mzee Fidele bado anakunywa chai, nimeshindwa kumkatia. Leo naandika kwa sababu uzio umeota. Maji ya kuoshea vyombo nilikuwa namwaga pale, mvua nazo zikaja, na sasa kila nguzo ina majani. Naogopa hata kuzigusa. Nifanye nini, mama?

Mwanao,
Asmahani

Kasulu, 26 Novemba

Mwanangu Asmahani,

Hujambo mwanangu? Mguu unakanyaga. Usiguse chochote. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi, tumchague mmoja tumrudishe mahali pake. Waliobaki walinde kuku. Na jioni hiyo, chai ya Fidele ongeza kikombe changu.

Mama yako,
Josepha