Tangi Lirudi Kashai

Songea, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Magoti yanasemaje? Na kile kikohozi cha asubuhi kimeisha, au bado unatuficha? Mimi ni mzima, nakula na kulala, ila ndizi za huku hata nizipike vipi zinakataa kuwa ebitoke.

Naandika kwa ajili ya yule mkandarasi aliyekuletea tangi la maji hapo Kamachumu. Najua ulimpokea vizuri. Aliongea Kihaya, akakutajia ukoo wake wa Ijuganyondo, akatafuna akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, uliyompa, akasema anafanya kazi na mimi. Ungemfukuzaje mtu wa namna hiyo? Na kwa kuwa hukutaka aondoke mikono mitupu, ukampa kopo la senene wa kukaanga aniletee.

Kopo lilifika. Alilileta ofisini mchana kweupe, akaliweka mezani na kusema, "Mama amekutumia." Nilivyonusa tu nikajua ni mkono wako. Nikawagawia wenzangu. Dada mmoja Mngoni alifumba macho akatafuna, kisha akarudi mara tatu. Tulikula kamati nzima, tunacheka, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliyeleta kopo ni mzabuni wetu.

Nilipokuambia niko kwenye manunuzi ulidhani natumwa sokoni. Sivyo, Mama. Serikali ikitaka kujenga kituo cha afya, wakandarasi wanaleta zabuni zao, na sisi wachache tunazipima tuone nani anastahili. Tukiwa tunapima, haturuhusiwi kupokea kitu kutoka kwao, hata soda. Na katazo haliishii kwangu, linamhusu na mzazi wangu. Zabuni ya mtu huyu ilikuwa bado iko mikononi mwetu.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kama tangi limeshajaa. Nikamwuliza tangi gani. Akatabasamu: "La Mama. Mvua zimeanza, asiteseke tena." Vidole vyangu vilikuwa bado vina mafuta ya senene.

Nilikasirika sana. Kwanza nilimkasirikia yeye, halafu nikajikasirikia mwenyewe. Mwaka wa tatu huu nina kazi na sijawahi kukununulia tangi. Imebidi aje mtu mwenye shida zake ndiyo aone unavyopanda kile kilima kutoka chemchemini na ndoo kichwani. Naona aibu, Mama, na sina pa kuiweka.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, mzee Komba, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu tangi liko wapi, na kama wewe ulijua. Nikamwambia hukujua. Akanitoa kwenye kamati ya zabuni hiyo, na wote tuliokula senene tukaandika maelezo. Yule dada aliandika kwamba alikula "kiasi cha viganja vitatu," mzee Komba akasoma na uso mkavu kabisa. Kisha akaniambia tangi lazima lirudi kwa mwenyewe, na nilete karatasi ya kuthibitisha. Lisiporudi, itaonekana nimelipokea mimi kupitia kwako, na kazi yangu itakuwa imeishia hapo.

Ndipo nikakupigia Alhamisi. Hata sikumaliza kueleza. Ukasema umeshampa kahawa, umeshamshukuru mbele ya majirani, sasa unarudishaje kitu cha mtu kama vile mmegombana? Nakuelewa. Kwetu hilo ni tusi. Lakini yeye ndiye aliyeanza, alipoitumia kahawa yako kama mlango wa kuingilia ofisini kwangu.

Kaka Deo nimeshaongea naye. Atakuja Jumamosi na pikapu, alipeleke kwenye stoo ya yule bwana pale Kashai na asainiwe kwamba limepokelewa. Kabla hajalipakia, jazeni ndoo, sufuria na madumu yote. Yaliyomo ni maji ya mvua tu, hayo hayamo kwenye zabuni ya mtu. Nami nimeanza kuweka akiba ya tangi lingine, dogo kidogo, ila sitakudanganya kwamba litakuja mwezi huu.

Nisalimie shangazi, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Msalimie mke wa Deo na watoto, na katekista jirani yetu, ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii. Baba Katekista, shikamoo, na naomba umsomee mpaka mwisho hata akikwambia inatosha.

Mama, kabla hujakata simu uliniuliza, "Kwa hiyo unanirudisha chemchemini, mwanangu?" Jibu ni ndiyo, Mama. Nakurudisha chemchemini, na ninaomba unisamehe.

Ni mimi mwanao,
Adela